Kitambaa Juu ya Kiyoyozi

Nakumbuka siku moja ya jua kali, mwanangu, pikapu ilisimama mbele ya nyumba yetu pembeni mwa mji wa Kyela, na nyuma yake kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Watoto wa jirani walikimbilia kuona. Mume wangu Ambokile aliruka chini, akafunua blanketi kwa madaha, nami nikaona kiyoyozi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wewe hukuwepo, basi nikueleze kidogo. Kabla ya hapo hata sabuni ya kufulia ilikuwa kitu cha kupangia foleni. Kisha milango ikafunguliwa, vitu vikaanza kumiminika: redio, magodoro, mitumba ya kila rangi, friji. Sisi tulio karibu na mto Songwe tuliyaona hayo mapema, maana ng'ambo ya mto ni Malawi, na huko tuna mashangazi na wajomba. Ambokile alikuwa akipeleka mchele na kurudi na chochote kinachouzika. Kiyoyozi kile alikipata kwa watu waliokuwa wakihama nyumba. Kilikuwa kimetumika, lakini kilikuwa kizima.

Hakukileta kwa ajili yetu. Alikileta kwa ajili ya baba yake.

Baba mkwe wangu alikuwa mkulima wa Makwale, mtu wa mpunga na kakao, na mzee wa kanisa aliyejua kuomba bila kupiga kelele. Jina lake silitaji hapa. Sikulitaja akiwa hai na sioni sababu ya kuanza leo. Kifua chake kilikuwa kimemsumbua kwa muda mrefu, na lile joto letu zito la Kyela, linalokukalia mwilini kama shuka bichi, lilimchosha zaidi. Daktari alishauri akae karibu na hospitali, na ikiwezekana alale mahali penye hewa nafuu. Ndipo Ambokile akamleta nyumbani kwetu pamoja na mama mkwe, akawapa chumba cha mbele chenye mlango wake wa kutokea nje.

Mlango huo, mwanangu, ndio uliowezesha jambo zima. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani na baba wa mume wake. Desturi hiyo tunaiita ukutila, yaani kumcha. Hamtazami usoni, hasemi naye, haingii anapolala, na akimwona anakuja njiani anapita kando, hata kama kando kuna upupu. Najua vijana mnacheka. Wakati ule kanisa lilikuwa limekwisha kutulegezea, lakini desturi ni kama kisiki cha mgomba: unakata juu, asubuhi kimechipua. Mimi nililelewa na bibi aliyeishika kwa mikono miwili, nami nikaishika hivyo hivyo. Kwa hiyo tuliishi chini ya bati moja, mkwe na mkwewe, bila kuonana. Alipotaka kutoka, alikohoa mara mbili, nami nikajua natakiwa kupisha. Niliingia jikoni nikageukia ukuta, mpaka nisikie kigoda chake kikiwekwa barazani.

Sasa fikiria shida yangu. Hodi ya mtu ni kikohozi, na ugonjwa wake nao ni kikohozi! Siku za mwanzo nilikimbia kutwa. Naanika nguo, anakohoa, nakimbia. Nachambua mchele, anakohoa, nakimbia. Siku moja mama mkwe alinikuta nimejibanza nyuma ya pipa la maji, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Atu," aliniita, kwa jina la binti yangu wa kwanza, Atupele, "huyo hatoki, anaumwa tu. Ukipisha kila kikohozi utahamia Malawi."

Basi nikajifunza kusikiliza. Kikohozi cha hodi kilikuwa kifupi, kikavu, cha mtu mwenye adabu. Kikohozi cha ugonjwa kilianzia mbali, kikapanda kama ndoo nzito inayovutwa kisimani. Sikuwahi kuuona uso wa mzee yule, lakini pumzi yake niliijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Mungu ana njia zake za kumpa kila mtu dirisha.

Siku ya kukifunga kiyoyozi, fundi alitoboa ukuta wa chumba cha mbele, akakipachika uso ukiwa ndani na mgongo ukiwa nje, upande wa uani ninakopikia. Mimi nilikuwa hapo uani nikipepeta mchele, nikasikia maneno yake yote kupitia lile tundu kabla hajaliziba pembeni.

"Sikilizeni," alisema fundi. "Kitu hiki kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha. Vumbi lote la chumbani litapita hapa. Ndiyo maana kuna chujio hili nyuma ya uso wake. Mnazima, mnachomoa waya, mnashika uso pande zote mbili, mnafungua, mnalitoa, mnaliosha kwa maji na sabuni kidogo, mnalikausha kivulini. Msilirudishe likiwa bichi. Na hapa chini kuna sinia la maji lenye kitundu cha kuyatolea nje. Kikiziba, maji yatalala ndani na kuota kuvu. Mnakaa jirani na mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo msingoje mpaka uchafu uonekane. Angalieni kila mwezi."

"Usihofu, fundi," Ambokile alijibu akicheka. "Katika nyumba hii mambo ya kuosha yana mwenyewe."

Mwenyewe nilikuwa mimi, mwanangu. Nami nilikuwa nje ya ukuta wa chumba nisichoruhusiwa kukanyaga. Aliyeambiwa hakuwa muoshaji, na muoshaji hakuambiwa. Alidokoa tu maneno kwa sikio kama kuku anayedokoa punje za mwenzake. Wala hakuna aliyeliona tatizo hilo siku ile, maana kiyoyozi kilipowashwa, ubaridi ukajaa chumbani na mama mkwe akapiga kigelegele.

Usiku ule mzee alilala. Asubuhi nilimsikia kupitia ukutani akimshukuru Mungu kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Ndaga, Kyala. Ndaga fijo." Alimshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mtu huitumia anapokuwa hana cha kujionyesha. Nilisimama uani na mwiko mkononi, machozi yakinitoka.

Nami nilitaka kutoa heshima yangu. Kumsalimu siwezi, kumpelekea maji mkononi siwezi. Nilichoweza ni sindano na uzi. Nikafuma kitambaa cheupe, nikadarizi juu yake maneno MUNGU NI MWEMA kwa uzi wa bluu, nikampa mama akifunike kiyoyozi. Wakati ule, mwanangu, kila kitu cha thamani kilivaa kitambaa: redio ilivaa, kochi lilivaa, hata birika la chai lilikuwa na kofia yake. Kuacha kitu cha gharama kikiwa uchi lilikuwa jambo la aibu. Kitambaa kikawekwa juu, kikaning'inia mbele mpaka chini, kizuri kama cha madhabahuni. Kila Jumamosi mama alikivua, akanipa mlangoni, nikakifua, nikakipiga pasi, nikakirudisha.

Na nyuma, uani, nilikuwa na faida yangu. Kiyoyozi kilitiririsha maji kidogo kidogo, nami nikatega ndoo. Jioni nilimwagilia mboga zangu za maboga, zikanenepa mpaka majirani wakauliza nazilisha nini.

Ukaja msimu wa mavuno. Ukitaka kuijua Kyela, njoo wakati huo. Mashine ya mpunga pale jirani ilinguruma kutwa, pumba zikaruka hewani kama moshi mwepesi wa dhahabu, zikatua kwenye mabati, kwenye maji ya kunywa, kwenye kope za watoto. Upepo ukitoka ziwani ulituletea na wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya Nyasa kama wingu. Haba na haba hujaza kibaba. Mithali hiyo tunaitumia kwa fedha, lakini hata uchafu unaijua.

Kikohozi cha mzee kikarudi. Mwanzoni kilikuwa cha alfajiri tu, baadaye cha kutwa. Ile ndoo nzito ya kisimani ikawa inapanda na kukwama katikati. Ambokile alikuwa ng'ambo na mzigo wa mchele, hakuna simu ya kumwita. Hospitali walitoa dawa, ikasaidia kidogo, kisha hali ikawa ileile. Mama mkwe alimwongezea baridi kwa kukizungusha kile kitufe mpaka mwisho, akidhani joto ndilo linalomtesa. Kadiri alivyoongeza, ndivyo mzee alivyotweta.

Ndipo akafika wifi yangu Tupokigwe, dada mkubwa wa Ambokile, kutoka Makwale. Wifi alikuwa mwanamke mwema mwenye ulimi wa kukoboa. Alikaa kidogo na baba yake, yaani Taata kwa lugha yetu, akatoka nje akiwa amefunga kanga kiunoni.

"Mkwe na mkwewe chini ya bati moja," alisema, si kwangu, bali kwa sufuria zangu. "Mlitegemea nini? Kesho natafuta gari. Taata anarudi kwake Makwale."

"Kuna jua, Tupokigwe," mama alisema. "Na hospitali iko hapa."

"Hospitali imemponya? Kuna magonjwa ya hospitali na kuna magonjwa ya nyumba."

Nililielewa neno lile, na wewe ulielewe. Maana yake ilikuwa kwamba mzee anaugua kwa sababu yangu, kwamba mahali fulani nimevunja ukutila, na kifua chake ndicho kinacholipa. Na safari ya Makwale katika hali ile, juu ya pikapu, kwenye barabara ile ya mashimo, sote tulijua mwisho wake ni kuchimba kaburi. Angekufa, nami ningebaki kuwa mke aliyemuua baba mkwe kwa kukosa adabu. Jina la namna hiyo, mwanangu, halifuliki kwa sabuni yoyote.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuchukua maji ya kumwagilia mboga, nikakuta ndoo imekauka. Nikakumbuka kwamba ilikuwa imekauka kwa siku kadhaa, nami nilikuwa nachota kisimani bila kuwaza. Nikatazama mgongo wa kiyoyozi. Kilikuwa kinanguruma, lakini maji hayatoki. Nikajiuliza yanakwenda wapi.

Swali moja likavuta jingine. Nikakumbuka kitambaa, kwamba kwa Jumamosi nyingi kilikuwa kikitoka na doa la kijivu palepale katikati, chini ya neno MWEMA, nami nikilisugua na kusifiwa kwa weupe. Nikakumbuka na jambo la tatu, ambalo ni mimi peke yangu ningeweza kulijua: umeme ulipokatika jana yake, mama alifungua dirisha, na kikohozi kikatulia. Umeme uliporudi, nacho kikarudi.

Nilimwita mama mkwe uani. "Mama, nadhani ni mashine."

"Mashine gani?"

"Hii ya baridi."

"Hii? Mbona ndicho kitu kisafi kuliko vyote chumbani! Kitambaa chako kinang'aa kama shuka la Krismasi."

"Kitambaa, ndiyo. Nyuma ya kitambaa je?"

Wifi akaguna. "Sasa tumepata daktari. Kasomea kwenye mboga za maboga."

"Wifi," nilimwambia kwa upole, maana hasira haizimi moto, "umeme ulipokatika jana, Taata alikohoa?"

Alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Wifi alikuwa na ulimi mkali lakini hakuwa mwongo. "Alisinzia," akasema. "Nilidhani ni dawa."

Tukaamua mama akifungue. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuingia, mimi ndiye mwenye maneno ya fundi. Basi akapanda juu ya stuli kule ndani, wifi akaishika stuli, mimi nikasimama nje chini ya mgongo wa kile kiyoyozi nikisema maneno niliyoyadokoa, juu ya kitu ambacho uso wake sikuwahi kuuona kwa karibu tangu kiingie ukutani.

"Kizime, mama. Uchomoe na waya."

"Nimechomoa. Kikinirusha?"

"Hakina umeme sasa."

"Umeme ni kama nyoka, Mama Atu. Unamkata kichwa, mkia bado unacheza."

"Shika uso wake pande zote mbili, uvute taratibu."

"Huu uso una meno!"

"Nipishe, mama, nivute mimi," nikamsikia wifi, na mara ile, "Uuwi! Kucha yangu!"

Kutoka kitandani ikaja sauti ya mzee, nyembamba, imekatika-katika. Hakuweza kusema nami, kwa hiyo alisema na ukuta. "Mwambieni huyo aliye nje aseme polepole. Wanaume wa ng'ambo walikileta kizima, wanawake wa Makwale wanakivunja."

Wakacheka, naye akajaribu kucheka, na kicheko kile kikageuka kikohozi ambacho sijakisahau mpaka leo. Kilipanda, kikakwama, kikakaa hukohuko. Nilisikia mama akiliita jina lake. Nilisikia stuli ikianguka. Nikiwa nimeshika ukuta kwa viganja viwili, nilimwomba Mungu kwa neno moja tu: Pumzi.

Ikarudi.

Kisha nikasikia vikohozi viwili, vifupi, vikavu. Ilikuwa hodi.

Sikuamini. Nikageukia ukuta wa jikoni kama kawaida yangu. Nikasikia miguu ikikokotwa, mlango wa nje ukifunguliwa, mama akimwambia akae barazani, naye akikataa. Akatembea mpaka kwenye migomba iliyo kando ya barabara, kigoda kikawekwa. Baadaye mama aliniambia kwamba alikaa akiipa nyumba mgongo.

"Mwambie aingie," mzee alisema.

"Taata!" Wifi alishtuka. "Mkwe wako? Chumbani kwako, kwenye kitanda chako?"

"Tupokigwe, binti yangu." Alisema kidogo, akapumua, akaendelea. "Tangu aolewe amenipisha. Nimemsikia akikimbia uani kila nikikohoa, hata nikiwa sitoki. Leo mimi ndiye ninayempisha. Heshima ni kupishana njia. Kuachiana uchafu si heshima."

Mama alimsogezea maji, akanywa funda moja.

"Na mwambieni hili pia. Kitambaa chake ni kizuri. Nakisoma kila asubuhi. Lakini mwenye kupumua hafunikwi mdomo. Mimi naumwa kifua, najua ninachosema."

Hilo ndilo karipio langu, mwanangu. Halikuwa na ukali wowote, na ndiyo maana limekaa.

Niliingia nikiwa nimevua ndara. Sikutazama kitanda. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiyoyozi, nikakiondoa kitambaa changu, nikashika ule uso pande zote mbili kama fundi alivyosema, nikauinua kidogo kabla ya kuvuta, ukaachia. Chujio likaja mkononi.

Halikuwa chujio tena. Lilikuwa kama kipande cha blanketi: pumba za mpunga, mabawa ya wadudu wa ziwani, na nyuzi nyeupe za pamba, nyuzi za kitambaa changu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Nyuma yake kulikuwa na vyuma vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, navyo vimejaa utando. Na chini, kwenye lile sinia, maji yalikuwa yamelala meusi, yenye utelezi, yakinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Kitundu kilikuwa kimeziba kabisa. Kuvu ilikuwa imepanda pembeni.

Mama alichungulia juu ya bega langu. "Kyala wangu," alinong'ona. "Haya ndiyo tuliyokuwa tukimpa avute."

Wifi alikwenda kisimani, akarudi na maji, akaenda tena. Niliosha chujio kwa sabuni mpaka nikaweza kuuona mwanga kupitia matundu yake. Vile vyuma nilivisugua kwa mswaki laini, kwa kufuata vilivyosimama, nisivipinde. Sinia nililikausha kwa matambara, nikalisugua kwa maji ya moto, na kitundu nikakizibua kwa kijiti cha ufagio wa chelewa. Wifi akapangusa ukuta, dirisha, hata uvungu wa kitanda ambao mimi sikuugusa. Tulipokutana kwenye beseni alinimwagia maji mikononi na kusema, bila kunitazama, "Sabuni yako nzuri, wifi." Kwa mtu kama Tupokigwe, hayo yalikuwa maneno mengi.

Chujio lilianikwa kivulini. Na muda wote lilipokuwa likikauka, mzee alikaa kule kwenye migomba, katika joto lilelile tulilotaka kumwepusha nalo, mgongo kwetu. Mama alimpelekea maji mara kwa mara. Alipomuuliza kama amechoka alisema, "Likauke kwanza. Fundi alisema lisirudi likiwa bichi." Na yeye alikuwa amesikiliza siku ile, kumbe. Wote tulikuwa tumesikia. Hatukukosa kusikia, kilichokosekana ni mmoja wetu kusema, "Hii ni kazi yangu."

Tulipokiwasha, nilitoka haraka uani. Kikanguruma kwa sauti nyepesi. Nikakaa karibu na ndoo yangu. Ikapita muda, kisha tone la kwanza likaanguka, lenye sauti ndani ya ndoo tupu. Sijawahi kusikia kengele ya kanisa iliyonifurahisha kuliko hilo.

Sitakudanganya kwamba mzee alipona. Kifua chake kilikuwa cha zamani, na kiyoyozi si dawa. Lakini kile kikohozi cha kukwama kiliondoka, usingizi ukarudi, na gari la Makwale halikutafutwa. Ambokile aliporudi na kusikia habari, alitaka kuuliza swali moja, mama akamtazama, akalimeza. Tangu siku hiyo ikawa desturi mpya ndani ya desturi ya zamani. Siku ya kusafisha, mzee alikohoa mara mbili, akatoka na kigoda chake mpaka kwenye migomba. Mimi nikaingia, nikasafisha, nikatoka. Nikishafika jikoni nami nilikohoa mara mbili, yeye akarudi. Kitambaa hakikurudi juu ya kiyoyozi. Aliomba kitundikwe ukutani mbele ya kitanda, aendelee kukisoma.

Aliishi nasi mavuno kadhaa tena, kwa rehema za Mungu. Siku tulipomzika, kabla jeneza halijafungwa, mama mkwe alinikuta nimesimama nyuma ya wanawake wote, nimegeukia pembeni. Akanishika mkono. "Njoo, Mama Atu. Leo hakuna wa kumpisha mwenzake." Nikauona uso wake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala vizuri.

Sasa, mwanangu, wewe una kiyoyozi chembamba juu ya ukuta na rimoti mkononi. Pengine unakaa hapa bondeni na unakiomba baridi, pengine umejenga juu Tukuyu na mwezi wa Juni unakiomba joto. Hewa ni ileile, na kinapumua kwa ajili yako. Basi kizime na ukate umeme kabla hujakigusa. Toa chujio, lioshe, likaushe kivulini, na usiwe na haraka ya kulirudisha. Hakikisha maji yake yana njia ya kutoka, na yakiacha kutoka jiulize yamekwenda wapi. Usikifunike, usikitundikie pazia, usiache mimea ikipande mgongoni. Kazi za ndani kabisa, za waya na gesi, mwite fundi, na anapoeleza mwite pia yule atakayeshika sabuni, akae mbele, asikie kwa masikio mawili. Usiseme "mambo hayo yana mwenyewe" kabla hujamwuliza mwenyewe kama ana njia ya kufika.

Na heshima ishike, mwanangu, usiitupe, mimi sijaitupa. Lakini heshima isikufanye upambe uso wa kitu ambacho ndani yake mtu anaumia. Nyumba njema si mlango. Fungua, uingie ndani. Ukiona doa linarudi palepale kila Jumamosi, usilifue tu, fuata linakotoka. Na ukiwa mkubwa, ukagundua kwamba mdogo wako anajua la kufanya ila wewe ndiye umekaa mlangoni, chukua kigoda chako ukakae kwenye migomba. Hutapungukiwa. Yule aliyenipisha mimi hakupungukiwa, na ndiye mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaheshimu.

Mungu aliyempa mwanadamu pumzi ailinde yako, na ya wale wanaolala chini ya bati lako. Akupe mikono isiyochoka kuosha pasipoonekana, na moyo unaojua wakati wa kupisha. Ulale, uamke na shukrani mdomoni, na nyumba yako ipumue vizuri. Amina.